Loisi Elieza Chipanha, Mpiga Honi wa Sauti ya Pili

14 Aprili 1957 – 5 Machi 2025

Kila asubuhi, kabla hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote, marehemu alikaa ukingoni mwa kitanda, akapaka midomo mafuta ya nazi, akachukua kile kikombe kidogo cha shaba cha kupulizia honi, akakibana kwapani mpaka kikapata joto, kisha akakiweka mdomoni na kupuliza. Bila honi yenyewe kikombe kile hakitoi wimbo. Kinalia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Watoto wake walioamka kwa mlio huo, na wajukuu baada yao, walijua kwamba mpaka nyuki anyamaze hakuna wa kumsemesha. Akimaliza alikifuta, akakitia mfukoni, akageuka na kusema, "Marahaba. Mmelalaje?" Hata ambaye hakuwa amemwamkia alipewa marahaba yake.

Upepo wa Dodoma hauna urafiki na midomo. Ukifika Juni unaipasua kama udongo wa mbuga, na mpiga honi aliyepasuka midomo hana kazi. Ndiyo maana hakuliacha zoezi lile siku za harusi, wala siku za homa, wala asubuhi ile ya mwaka 2016 alipoamka mjane. Waombolezaji walikuwa wamejaa sebuleni. Walimsikia chumbani akipuliza kikombe chake, wakatazamana. Alitoka baada ya muda, macho yamevimba, akawapa marahaba.

Familia imeniomba niandike wasifu huu na kuusoma kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yake, na kwa sababu nimesoma. Wanaonifahamu wanajua kwamba kusimama mbele za watu si jambo ninaloliweza. Mtaniwia radhi sauti ikipotea. Yaliyoandikwa hayatapotea, yamechapwa kwenye ratiba mlizoshika.

Marehemu Loisi alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Aprili 1957, Mkonze, wakati huo kikiwa kijiji cha mbali na mji. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Elieza Chipanha na bibi Emiliana. Baba yake alifuga ng'ombe na kulima uwele. Loisi alizaliwa mashoto. Bibi Emiliana alijaribu kumrekebisha kwa kumfunga kitambaa mkononi wakati wa kula, lakini mtoto alijifunza kukifungua kitambaa kwa meno na kuendelea na mlenda wake kwa mkono uleule. Bibi alisimulia jambo hili mpaka uzeeni, na kila mara alilisimulia kama malalamiko, ila alikuwa akicheka.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971 akamaliza darasa la saba. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa mwandiko, maana alilazimishwa kuandika kwa mkono ambao haukuwa wake. Mkono wa kushoto ulichapwa sana katika miaka hiyo. Hakusimulia kwa uchungu. Alisema tu kwamba fimbo zile ziliufanya mkono ule kuwa mkaidi. Mwaka 1973 alipelekwa mjini kujifunza ushonaji kwenye darasa la akina mama la kanisa, na huko ndiko alikokutana na honi.

Mwaka huo kanisa lilipokea kasha la vyombo vya kupuliza kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Vijana wa kiume walichagua kwanza. Tarumbeta ziliisha siku ileile, tromboni zikafuata, hata lile bomba kubwa linalobebwa begani lilipata mwenyewe. Chombo kimoja kilibaki kwenye kasha. Kilikuwa kimejikunja kama konokono, mdomo wake mpana ulitazama nyuma badala ya mbele, na vidole vya kukibonyeza vilipaswa kuwa vya mkono wa kushoto. Wazungu wanakiita honi ya Kifaransa. Kwetu ilikuja kuitwa honi tu. Mwalimu Sostenes, aliyekuwa kiongozi wa bendi, aliwapa vijana kadhaa wajaribu, na kila mmoja aliirudisha. Mmoja alisema wazi kwamba waliotengeneza kitu hiki walikosea wakakigeuza.

Loisi alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa ametumwa kuwapima vijana wa bendi mabega kwa ajili ya sare. Futi ya kitambaa ikiwa bado shingoni, aliomba aishike honi. Kijana mmoja akamwambia, "Loisi, hilo si sufuria." Wenzake wakacheka. Yeye akaichukua kwa mkono wa kushoto, vidole vikakaa mahali pake kama vimeitwa, akapuliza, akatoa sauti moja ndefu iliyowanyamazisha. Mwalimu Sostenes alisema neno moja tu: "Mwacheni."

Hawakumwacha kirahisi. Bendi ilikuwa ya wanaume. Akina mama wa kanisa walimwita kando wakamwonya kwamba binti akipuliza kizazi kinashuka na hatazaa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akaenda mazoezini. Nataja hapa kwamba alizaa watoto wanne, wote wapo hai, na wote wamekaa mstari wa mbele. Krismasi ya mwaka 1981 alipiga akiwa na mimba ya miezi minane, honi akiiegemeza juu ya tumbo. Kwenye nyimbo za kuandamana ngoma kubwa hupiga "pu" na honi hujibu "pa". Alisimulia kwamba mtoto alikuwa akirusha teke kwenye kila "pa", na kwamba kati ya wote waliopiga siku ile, aliyeshika mapigo vizuri kuliko wote hakuwa amezaliwa. Mtoto huyo ni Yudithi, na ndiyo maana wengi wenu mlimjua marehemu kwa jina la Mama Yudithi.

Kazi iliyomlisha ilikuwa cherehani. Kuanzia mwaka 1975 hadi alipostaafu mwaka 2012 alishona katika duka la vitambaa la familia ya Bwana Jiten, hapa mjini. Honi ilikaa chini ya meza ya kukatia. Saa ya chakula mlango ulifungwa, naye akafanya mazoezi, na Bwana Jiten ndiye aliyewajibu wateja waliogonga na kuuliza kama kuna lori nyuma ya duka. Bwana Jiten yupo nasi leo na amenikumbusha kisa cha uzi. Funguo za honi hazitembei kwa chuma peke yake. Kila mmoja umefungwa kwa uzi mwembamba, na uzi ukikatika ufunguo hausogei tena. Mwaka 1985 bendi ilialikwa kupiga uwanjani kwenye sherehe kubwa. Katikati ya wimbo uzi wa honi ukakatika. Marehemu aliinama, akachomoa uzi kwenye pindo la gauni lake mwenyewe, akaufunga kwa meno huku wenzake wakiendelea, akarudi kwenye wimbo kabla ya ubeti kwisha. Pindo likafumuka nyuma, naye akaandamana uwanja mzima gauni likimburuzika visiginoni. Wiki iliyofuata wanawake watatu walikuja dukani kuomba washonewe gauni la mtindo ule, fupi mbele na refu nyuma. Bwana Jiten alimwambia, "Mama Yudithi, tafadhali, sherehe ijayo kata na uzi wa mikono ya gauni."

Tarehe 20 Oktoba 1979 alifunga ndoa na marehemu Meshack Mhembano, mwenyeji wa Chamwino, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Ndoa hiyo nusura ivunjike mezani. Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa, mbuzi wamekubaliwa, ndipo upande wa mume ukaongeza kwamba bibi harusi aiache honi kwao, kwa sababu mke wa mtu hawezi kupuliza katikati ya wanaume. Mshenga alitumwa chumbani kumwuliza. Akarudi na jibu kwamba honi haimo kwenye mahari. Ama inakuja naye, ama wote wawili wanabaki Mkonze. Meshack, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema kitu, alisema kwamba yeye alimpenda binti huyu alipomsikia akipiga, na akiondolewa honi hatakuwa na hakika kama ni yuleyule. Wazee wakacheka, na mambo yakaisha. Kwa miaka mingi baadaye watu wa mtaani walipomtania kwamba mkewe anapiga kelele kanisani na wanaume, aliwajibu, "Wa kwenu hasira zake anazimalizia kwako. Wa kwangu anazimalizia kwenye shaba." Honi ilisafiri nyuma ya baiskeli yake, imefungwa kwa mpira, imevikwa kanga.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya ndugu waliniomba nipite haraka. Sitapita haraka.

Bendi yetu ina sauti nne. Sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe, ule ambao kila mtu anaujua, na hubebwa na tarumbeta. Honi hupiga sauti ya pili. Hakuna anayeondoka kanisani akiiimba sauti ya pili. Ikiwapo huisikii, ikikosekana unahisi wimbo una njaa. Marehemu alipiga sauti hiyo tangu usichana wake, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliyekaa kushoto kwake akipiga sauti ya kwanza alikuwa Denis Msagala. Walikuwa na utani usiokwisha. Denis alimwambia kwamba bila yeye hakuna mtu Dodoma nzima ambaye angejua Loisi anapiga wimbo gani. Yeye alimjibu kwamba bila yeye Denis anasikika kama muuza aiskrimu. Wakati mwingine walibishana hivyo mpaka Mwalimu Sostenes akagonga meza.

Mwaka 1996 Denis alianza kupiga dansi kwenye baa siku za Jumamosi. Alionywa, hakuacha, akaondolewa kwenye bendi na kutengwa na kanisa. Baadaye pombe ilimshika. Marehemu hakuitetea pombe ile. Alimpelekea uji alipougua, akamsema, akamwosha uso, akamsema tena. Denis alifariki Agosti 2009. Desturi ya bendi yetu, ambayo ni ya zamani na haijaandikwa popote, ni kwamba haimpigii aliyetengwa. Kamati ya bendi ilikumbusha desturi hiyo jioni ya mazoezi. Marehemu alisimama, akauliza nani atafuatana naye Mkonze kumzika Denis. Kila mtu alitazama noti zake. Baadhi yao walimwambia baadaye, mlangoni, kwamba mioyo yao ilikuwa pamoja naye. Aliwajibu kwamba alikuwa akihitaji midomo.

Jumamosi, tarehe 22 Agosti 2009, alikwenda yeye na mumewe tu, na baiskeli. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwepo, na wengine waliokuwepo wapo hapa leo na wanaweza kunisahihisha. Upepo ulikuwa mkali na vumbi liliingia machoni. Watu walikuwa wachache: ndugu wa Denis, majirani, na wenzake wa dansi waliokuja mikono mitupu kwa sababu vyombo vilikuwa mali ya mwenye baa. Hakukuwa na mchungaji. Mjomba wa Denis aliomba. Jeneza lilipoanza kushushwa, shangazi aliketi kwenye kigoda, akaweka mkono wa kulia ndani ya mdomo mpana wa honi, akaanza wimbo wa maziko wa kwenye kitabu chetu.

Hakupiga wimbo wenyewe. Alipiga sauti ya pili.

Sauti ya pili ikiwa peke yake haifanani na wimbo. Inakaa chini, inarudia noti moja, inasubiri, inapanda kidogo, inashuka. Ni kama kumsikiliza mtu mmoja akiongea na simu. Watu walitazamana. Mmoja akauliza chinichini huo ni wimbo gani, na jirani yake akasema labda ni wa Kizungu. Shangazi hakubadilisha. Alimaliza ubeti wa kwanza hivyohivyo, sauti ya kwanza ikiwa tupu juu yake, akaanza wa pili. Hapo mama mzazi wa Denis, aliyekuwa ameshikwa mikono na wanawake wawili na ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee, akainua kichwa. Alikuwa ameutambua. Akaanza kuimba, kwa sauti iliyokwaruza, kwa maneno ya Kigogo, wimbo wenyewe, sauti ya kwanza, mahali pale pale palipoachwa. Wanawake waliomshika wakaingia. Kisha wenzake wa dansi. Kisha sote. Ilipofika ubeti wa mwisho hakuna aliyekuwa kimya isipokuwa wachimba kaburi, na hata wao koleo zao zilisimama.

Tulipokuwa tukirudi, jirani mmoja mwenye nia njema alimfuata akamwambia, "Mama Yudithi, ila ulikosea. Si ungepiga wimbo wenyewe tukaujua mapema?"

Akamjibu, "Wimbo wenyewe alikuwa nao Denis."

Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati. Aliombwa akiri kwamba alikosea na aombe radhi. Alifikiri kidogo, akasema kwamba ni kweli alikosea: kwenye ubeti wa tatu midomo ilikauka, noti moja ikamponyoka. Hiyo anaiombea radhi. Radhi nyingine hana. Waliokuwepo wanasema mjumbe mmoja alicheka kabla hajajizuia. Kamati haikucheka. Iliamua aondolewe kwenye bendi mpaka atakapoomba radhi ipasavyo, na airudishe honi.

Alikubali kuirudisha. Alisema, "Nileteeni mpigaji, nitamkabidhi mkononi." Kamati ikampelekea kijana. Marehemu alimkalisha uani kwake Nkuhungu, akampa karanga na chai, akamfundisha kwa moyo wote, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kijana akakimbia. Akaletwa wa pili, naye akakimbia. Wa tatu alikuwa mvumilivu kuliko wote, na alipokata tamaa alimuaga kwa heshima. Alimwambia, "Shangazi, mkono wangu wa kushoto hauna akili." Marehemu akamwambia, "Akili unayo. Ila wako haujachapwa." Hakuletwa mwingine, na honi ikabaki Nkuhungu. Naomba ieleweke kwamba hakuficha chombo cha kanisa. Aliyekihitaji alijua mlango.

Tangu hapo hadi mwaka jana alipiga kwenye maziko yasiyo na bendi. Watu walimfuata kutoka Nkuhungu, Mkonze, Chamwino na vijiji ambavyo majina yake sikuwahi kuyasikia. Alimpigia binti aliyefariki akijifungua bila ndoa. Alimpigia mzee wa Chamwino ambaye hakubatizwa kamwe, aliyetambikia mvua maisha yake yote. Wanawe waliokuwa Wakristo na wanawe wasiokuwa Wakristo walikuwa hawaongei, na siku ile waliimba pamoja kwa sababu honi iliwaachia kazi ya kuimba na hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Alimpigia mlevi aliyeokotwa kituo cha mabasi, ambaye hata jina lake halikujulikana. Popote alipokwenda alipiga sauti ya pili. Aliyekuwa mgeni alishangaa. Waliomzoea walijua kwamba ukiisikia honi ya Loisi, wewe ndiye mwimbaji, na usipoimba hakuna wimbo. Wengine walianza kuulizana njiani kabla ya kufika kaburini nani ataanzisha.

Aliendelea kusali kwenye kanisa lake. Kila Jumapili alikaa benchi la tatu upande wa wanawake, mita chache kutoka kwa bendi, mikono mapajani. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikitembea. Mara mbili nilimwuliza baba yangu kwa nini shangazi hahamii kanisa lingine, na baba alisema nimwache, dada yake hahami. Akina mama waliomkwepa mwanzoni walirudi mmoja mmoja kushonewa, maana hakuna aliyekuwa akikata kola kama yeye.

Mwezi Mei 2023 alianza kuchoka na kuvimba miguu. Hospitalini hapa mjini iligundulika kwamba moyo wake umepanuka na pia ana shinikizo la damu. Daktari, kijana mpole, alimshauri aache kupuliza. Marehemu alimwuliza kama akiacha atapona. Daktari akasema hatapona, ila ataishi zaidi kidogo. Akamwuliza hicho kidogo ni cha kufanyia nini. Daktari akamwandikia dawa, naye alizimeza zote kwa saa zake bila kukosa, kwa sababu hakuwa mpinzani wa dawa. Nimesikia maneno msibani kwamba honi ndiyo iliyomuua. Nimesimama mbele yenu kusema kwamba si kweli. Moyo ulimuua. Honi ilikuwa ikimtoa kitandani. Alipiga mara ya mwisho Oktoba mwaka jana, Chamwino, akiwa ameketi ndani ya gari na mlango wazi, na watu wakaimba.

Kuanzia Januari alikuwa wa kitandani nyumbani kwake Nkuhungu, akiuguzwa na Yudithi na Naomi. Alifariki Jumatano, tarehe 5 Machi 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Alikuwa amemaliza kunywa maji. Naomi aligeuka kuweka kikombe chini, na alipogeuka tena alikuwa ameshaondoka.

Marehemu ameacha watoto wanne: Yudithi, Elieza, Ibrahimu na Naomi, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja, kaka yake, Amosi Chipanha, ambaye ni baba yangu, na mawifi, mashemeji na majirani wengi. Ameacha cherehani, ambayo ni ya Naomi. Ameacha honi, ambayo bado haina mtu. Mwenye mkono wa kushoto mwepesi na asiyeogopa kusemwa aje Nkuhungu, ataikuta. Familia inamshukuru mchungaji wetu aliyekubali kumzika bila masharti, madaktari na wauguzi, Bwana Jiten na familia yake, na watu waliotoka mbali kuja kuimba kama walivyoimbiwa ndugu zao. Tunawashukuru pia wajumbe wa kamati ya bendi na wanabendi, ambao wapo hapa, na ambao vyombo vyao vimebaki kanisani.

Mungu amlaze mahali pasipo na upepo.

Limebaki jambo moja, ambalo familia ina haki ya kulijua, kwa kuwa wengi mmeniuliza kwa nini ratiba inaonyesha wimbo wa maziko na haionyeshi bendi. Mwezi Februari kamati ilileta ujumbe kwa baba yangu kwamba Loisi akitamka neno la radhi, hata moja, hata kitandani, hata kupitia kwa mtu, bendi itampigia siku yake. Sauti zote nne. Baba alilitaka sana jambo hili. Hakutaka dada yake azikwe kimya, aliyewapigia wengine wote. Alikaa naye jioni nzima akamwambia, "Dada, ni neno moja tu," naye akamshika mkono na kumwuliza habari za mbuzi. Baba alitoka nje akalia, kisha akanituma mimi, akidhani kwangu angelainika.

Sikuwahi kumwuliza shangazi chochote kuhusu mambo haya. Nilikuwa mtu wa kusikiliza tu. Siku ile nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikauliza swali langu moja: "Shangazi, niende nikawaambie umeomba radhi, ili bendi ikupigie?"

Akasema, "Hapana, mwanangu. Mtaimba wenyewe."